Kuta Kumi na Nne za Chuma

Watu wa mtaa ule walimwita Kaseti, na wengi wao hawakujua kama ana jina jingine. Jina hilo alilipata enzi alipokuwa na ukumbi wa gemu: chumba kimoja chenye televisheni nane, viti vya mbao visivyo na migongo, na kaseti za plastiki zilizopangwa rafuni kama vitabu vya maktaba. Watoto walitoka shule wakiwa bado na mikoba mgongoni wakaingia kwake moja kwa moja. Yeye alikaa mlangoni na saa mkononi, akiita kwa sauti, "Televisheni ya tatu, muda umekwisha! Wewe mwenye shati la kijani, usijifanye hunisikii!"

Gemu zilipohamia kwenye simu za watu, ukumbi ulikufa. Kaseti akauza televisheni saba, akabaki na moja, pamoja na ufundi wake. Kwa miaka ishirini na miwili alitengeneza redio, feni, pasi na saa za ukutani katika chumba kilekile, na jina likabaki naye.

Wakati wa mambo ninayoyaeleza hapa alikuwa na miaka sitini na minane. Alikuwa mgane, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye ni muuguzi wa hospitali.

Jumatatu moja mchana, Kaseti alitoka kwenda kula, akaiacha pasi ya kulehemu ikiwaka juu ya meza. Mshonaji, mama mmoja mnene mwenye ulimi mkali aliyepanga chumba cha jirani, ndiye aliyenusa moshi. Alichomoa waya ukutani, akamwaga ndoo ya maji, kisha akaketi kizingitini kumngoja mwenyewe. Kaseti aliporudi alikuta meza imetoboka tundu la ukubwa wa sahani. Alilitazama tundu lile kama mtu anayetazama kazi ya mgeni.

"Nani amefanya hivi?"

"Jini," mshonaji akajibu. "Limekuja na pasi yako, likachoma, likaondoka bila kuaga."

"Nakuuliza kweli, mama. Nani aliingia humu?"

Hapo mshonaji aliacha kucheka. Jioni ileile alimpigia simu binti.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi uliotangulia, Kaseti alikuwa amefunga kazi akaenda kubisha hodi kwenye nyumba waliyohama miaka kumi na mitano nyuma. Wapangaji wa sasa walimpa kiti na maji, wakamuuliza taratibu kama ana mtu wa kumpigia.

Binti alikuja siku ya pili akiwa bado amevaa sare za kazi. Hakuvua hata viatu vyake vyeupe.

"Baba, funga chumba hiki. Njoo ukae kwangu. Chumba kipo, wajukuu wako wapo."

"Na huko nitafanya nini? Nihesabu vigae vya sakafu?"

"Utapumzika."

"Mwanangu, mimi nikipumzika nitakwisha."

"Na ukiungua je? Na ukimwunguza mama wa watu hapo jirani?"

Kaseti alifuta miwani yake kwa pindo la shati, akairudisha machoni.

"Basi angalau turudi kwa daktari akupime tena," binti akasema.

"Yule aliyetaka nichore saa? Saa! Mimi nimefungua saa za nusu ya mji huu. Nilimwambia achore yeye, ikiharibika nitamtengenezea."

"Baba."

"Ukitaka kujua kama kichwa changu kinafanya kazi, nipe jambo gumu. Usinipe mambo ya chekechea."

Jambo gumu alikuwa nalo tayari. Kulikuwa na ukurasa mmoja wa mtandaoni wa wapenzi wa gemu za zamani, ambao kila mwaka ulitoa shindano la mafumbo. Mafumbo yalikuwa na sehemu saba. Jibu la sehemu ya kwanza lilifungua ya pili, la pili likafungua ya tatu, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Walioanza walikuwa maelfu, na waliofika sehemu ya saba waliweza kukaa kwenye basi moja na viti vikabaki. Mshindi hakupewa chochote isipokuwa jina lake kuwekwa kwenye orodha. Muda ulikuwa siku kumi.

"Nikimaliza zote saba," Kaseti akasema, "unaniacha na chumba changu, na hili neno la kuhama silisikii tena. Nikishindwa, Jumamosi inayofuata baada ya shindano nafunga, nakufuata kama kondoo."

Binti alikulia katika chumba kile. Masomo yake ya shule ya msingi aliyafanya juu ya meza ileile iliyotoboka, milio ya mabomu ya gemu ikimzunguka, na hesabu za mafungu alifundishwa na baba yake kwa kugawana dakika za televisheni. Kama muuguzi alijua kwamba makubaliano yale hayakuwa kipimo cha ugonjwa wowote. Kama mtoto, alitaka sana yawe.

"Zote saba?"

"Zote saba."

"Bila kusaidiwa?"

"Mshonaji ataniandikia. Vidole vyangu ni vinene, simu hainielewi."

"Hata mimi sikuelewi," mshonaji akasema kutoka mlangoni, "lakini nitaandika."

Walianza Ijumaa. Sehemu ya kwanza ilikuwa picha sita zilizokatwakatwa vipande na kuchanganywa, kila picha ikiwa ya gemu moja, na mchezaji alitakiwa kuzipanga kuanzia ya kale mpaka ya karibuni. Kaseti alizitambua kwa rangi ya mbingu tu. "Hii ina rangi nne. Hii kumi na sita. Hii hapa wamejidai kuweka mawingu, ndiyo ya mwisho." Alimaliza kabla mshonaji hajakunja pindo la suruali moja.

Sehemu ya pili ilikuwa muziki wa sekunde tano. Aliusikiliza mara moja, akaumalizia kwa mluzi, akataja gemu na ni uwanja wa ngapi wa gemu hiyo. Mshonaji aliandika, na ukurasa ukafunguka kwa rangi ya kijani.

"Kumbe ndani ya hilo fuvu mna watu!" mshonaji akasema.

"Wamejaa," Kaseti akajibu, na siku ile alitembea kifua mbele.

Lakini siku ya tatu mambo yalikuwa hivi. Mshonaji alifika asubuhi akamkuta ameinamia simu, ana karatasi na kalamu, anapanga zile picha sita za sehemu ya kwanza. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu alipofungua mlango. Alipomwona mshonaji, uso ulimng'aa. "Njoo uandike, mama. Hii ya kwanza nimeipata."

Mshonaji ana maneno ya kumjibu kila mtu mtaani, mpaka askari. Siku hiyo hakupata hata moja. Alivuta kiti, akachukua simu, akajifanya anaandika. Kisha akasema, "Imekubali. Na ya pili imekubali pia. Sasa tuko ya tatu." Kaseti alimwangalia usoni kwa muda mrefu, na taratibu ule mng'ao ukazimika.

"Tulikuwa tumeshaifanya," akasema.

"Tulikuwa tumeshaifanya."

"Usimwambie mwanangu."

Tangu hapo mshonaji alibandika ukutani kipande cha kitambaa, na kila walipomaliza sehemu alichomeka pini moja. Kila asubuhi Kaseti alihesabu pini kabla ya kugusa simu. Hakuwahi kusema lolote kuhusu kitambaa kile, na mshonaji naye hakusema.

Sehemu ya tatu ilikuwa ramani ya njia zenye kona mia moja na ishirini. Sehemu ya nne ilikuwa picha ya meno ya shaba ya kaseti, yale yanayoingia kwenye mashine, na swali lilikuwa ni jino lipi likichafuka picha hupinda upande wa kushoto. Wachezaji wengi waliishia hapo. Kaseti alicheka peke yake. Meno yale aliyasugua kwa kifutio kila asubuhi kwa miaka mingi, na lile la kumi na saba ndilo lililomsumbua kuliko yote. Sehemu ya tano ilikuwa jedwali la alama za wachezaji, ya sita ilikuwa mpangilio wa vitufe vya siri. Alizipata zote. Pini zikafika sita, na siku zilizobaki zikawa mbili.

Binti alipiga simu kila jioni. "Umefika wapi, baba?" Aliposikia ni sehemu ya saba, sauti yake ilibadilika. Baba yake, aliyemjua tangu akiwa mchanga, alisikia kabisa kwamba alikuwa amefurahi, na furaha hiyo ikampa hofu kuliko kitu chochote.

Sehemu ya saba ilikuwa na mstari mmoja. Katika gemu ya vifaru vya vita, ukiwasha mashine na kuanza kucheza bila kubadilisha chochote, uwanja wa kwanza una kuta ngapi za chuma? Majaribio ni matatu.

Kaseti alikaa kitako akapumua kwa nguvu. Kama kulikuwa na gemu moja aliyoijua kama kiganja chake, ilikuwa ile ya vifaru. Ndiyo iliyochezwa kwenye televisheni ya kwanza, karibu na kiti chake, mchana kutwa, miaka nenda miaka rudi. Alifumba macho. Akaanza kuhesabu kwa kidole hewani: mbili pale juu kushoto, mbili kulia, nne zimezunguka katikati, tatu na tatu chini.

"Kumi na nne. Andika."

Mshonaji akaandika. Ukurasa ukawa mwekundu.

"Umeandika vibaya."

"Moja na nne, mzee. Tazama mwenyewe."

Alitazama. Ilikuwa moja na nne.

Kesho yake, siku ya mwisho, aliishusha mashine ya zamani ya gemu kutoka juu ya kabati. Ilikuwa imelala ndani ya mfuko wa nailoni miaka na miaka. Aliifungua, akabadilisha waya mmoja uliooza, akasugua meno ya kaseti ya vifaru kwa kifutio, akaiunga mashine na ile televisheni moja iliyobaki. Picha ilipotokea, ilitokea safi, na mshonaji alipiga makofi bila kujua kwa nini. Kaseti alianza mchezo, akausimamisha, akaweka kidole kwenye kioo. Akahesabu. Akahesabu tena kuanzia chini.

"Kumi na nne," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi ndiyo hiyo. Tuandike tena, labda mara ya kwanza walikuwa wamelala."

Waliandika. Ukurasa ukawa mwekundu.

Kaseti alikaa mbele ya kioo mikono imelala mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu meza iungue, lilimjia wazo ambalo alikuwa amelikimbia: kwamba alichokuwa anakiona si kilichopo. Mtu anaweza kusahau pasi, sawa. Anaweza kusahau njia ya nyumbani. Lakini kama anakaa mbele ya kitu, macho yamefunguka, kidole kiko juu yake, na bado anahesabu kisichokuwepo, huyo amebakiwa na nini?

"Hesabu wewe," alimwambia mshonaji.

Mshonaji alihesabu kwa sindano, ukuta kwa ukuta. "Kumi na nne."

"Usinifiche."

"Nikufiche nini? Ni kumi na nne!"

"Unanihurumia. Siku ile ya picha ulinihurumia, na leo unanihurumia."

"Mzee Kaseti, mimi naweza kukudanganya kwa mambo mengine, lakini kuhesabu najua. Napima viuno vya watu kila siku."

Hakumsikia. Aliuchukua mkono wa mshonaji uliokuwa na simu, akausogeza karibu. "Nimehesabu ukuta mmoja mara mbili. Lazima iwe hivyo. Andika kumi na tatu."

"Lakini mzee..."

"Andika!"

Aliandika. Ukurasa ukawa mwekundu kwa mara ya tatu, kisha ukaandika kwamba majaribio yamekwisha na kwamba wanamshukuru kwa kushiriki.

Kaseti mwenyewe alimpigia binti. Alisema, "Nimeshindwa. Jumamosi uje," akakata kabla hajasikia jibu. Kisha aliizima mashine, akairudisha katika mfuko wake wa nailoni, akaufunga kwa fundo. Siku tatu zilizofuata alifungua chumba asubuhi, wateja wakaja, akafanya kazi zao bila mzaha wowote. Mshonaji alijaribu kumchokoza. Alimwambia miwani yake inafanana na baiskeli iliyogongwa. Kaseti alijibu, "Kweli," akaendelea kukaza skrubu.

Alhamisi majibu yalitangazwa. Mshonaji ndiye aliyeyaona, akaja mbio, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Soma! Soma hapa!"

Jibu la sehemu ya saba lilikuwa tisa. Chini yake waandaaji waliandika maelezo marefu kidogo. Walisema washiriki kadhaa kutoka nchi mbalimbali walijibu kumi na nne, na sababu yake inajulikana. Zamani, katika sehemu nyingi za dunia, kaseti halisi hazikufika, zilifika nakala. Watengenezaji wa nakala walikuwa na tabia ya kuichukua gemu moja na kuianzisha katikati, ili mnunuzi adhani ni gemu nyingine. Nakala moja maarufu ya vifaru ilianzia uwanja wa nne, nao ukaandikwa kuwa wa kwanza. Uwanja huo una kuta kumi na nne.

Kaseti alisoma mara tatu.

"Kumbe kaseti zangu zote..."

"Zilikuwa feki," mshonaji akasema. "Lakini wewe hukuwa feki, mzee wangu. Ulihesabu sawasawa!"

Hakungoja hata kufunga mlango vizuri. Alikwenda mpaka hospitali, mshonaji akimfuata hatua mbili nyuma asije akapotea, akamsubiri binti kwenye benchi la ukumbi wa kuingilia, simu ameishika kwa mikono miwili. Binti alipotoka wodini, Kaseti alisimama.

"Nilikuwa sahihi," alisema. "Soma. Kuta zilikuwa kumi na nne. Kaseti ndiyo iliyokuwa na kosa, si mimi. Nimekumbuka kitu cha miaka thelathini, ukuta kwa ukuta, na sikukosea hata mmoja!"

Binti alisoma taratibu. Alipomaliza alimkalisha baba yake chini, naye akakaa.

"Ulikuwa sahihi, baba."

"Basi chumba..."

"Baba, nani amewahi kukuambia kwamba umesahau ya zamani?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kusema na wagonjwa, na yeye mwenyewe aliichukia alipoisikia. "Ya miaka thelathini utayakumbuka mpaka mwisho. Ndivyo inavyokuwa. Mimi nawaona humu kila siku. Wanaimba nyimbo za utotoni bila kukosea neno."

Kaseti alibaki na simu mkononi.

"Ulijua hivyo tangu mwanzo?" akauliza.

"Nilijua."

"Na ukakubali nishindane?"

"Nilitaka ushinde," binti akasema, na hapo uuguzi ulimwisha, akalia kama mtoto, kofia ya kazi ikimwangukia usoni. "Ungeshinda ningekuachia chumba. Kama muuguzi najua ni upuuzi, lakini ningekuachia."

Mshonaji, aliyesimama karibu na mlango, aliugeukia ukuta akajifanya anasoma tangazo la chanjo.

Jumamosi asubuhi walianza kufungasha. Vitu vilivyokuwa vikisubiri wenyewe vilikuwa kumi na kimoja. Kaseti hakuwahi kubandika karatasi ya jina kwenye kitu cha mteja; aliona kwamba hiyo ni kazi ya mafundi wasiowajua watu wao. Kwa hiyo binti alikaa na daftari, akauliza kitu kimoja kimoja.

"Feni hii?"

"Ya mwalimu wa kwaya. Mwambie aisafishe, vumbi lake lote limejaa humo."

"Pasi hii?"

"Ya askari mrefu. Atakana kwamba aliiangusha. Mwonyeshe ufa."

"Saa?"

"Ya muuza magazeti. Hiyo ni ya baba yake, ishike vizuri."

Walikwenda hivyo mpaka kitu cha kumi bila kusita, na binti alianza kuandika polepole zaidi, kana kwamba hakutaka orodha iishe. Cha kumi na moja kilikuwa redio ndogo ya kijivu.

"Na hii?"

Kaseti aliipokea. Aliigeuza. Akafungua skrubu mbili, akachungulia ndani. "Kazi ni yangu," alisema. "Tazama risasi ya kulehemu ilivyokaa, haina uvimbe. Na ni ya juzijuzi, bado inang'aa."

"Ya nani, baba?"

Aliendelea kuchungulia ndani ya redio, kama vile jina lingeweza kuwa limeandikwa humo. Binti hakuuliza tena. Aliandika "redio ya kijivu", akaacha nafasi.

Saa nne hivi aliingia mwanamke mmoja kijana, amebeba mtoto mgongoni, uso umejaa tabasamu.

"Shikamoo, fundi! Nimekuja kuchukua redio yangu. Ile ya kijivu. Jana nilipoileta ulinichekesha hapa mpaka mtoto akaamka, nyumbani nimewasimulia wote."

Kaseti alimtazama. Kisha naye akacheka, kicheko kifupi cha adabu.

"Marahaba, mama. Ndiyo. Tulicheka kweli."

Alimkabidhi redio yake, akamwambia asiiweke karibu na moto, akamsindikiza mpaka kizingitini. Binti aliinamisha kichwa juu ya daftari, akiujaza ule mstari uliobaki. Mwanamke alipoishia kwenye kona, Kaseti alirudi ndani akasimama katikati ya maboksi.

"Tulicheka nini?" aliuliza.

Binti hakujua. Mshonaji naye jana alishinda sokoni akitafuta vitambaa. Kaseti aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akainama akaanza kufunga boksi la nyaya.